Mwaka Tulipomfuata Marehemu Kaskazini

Msiba wa wifi yangu Kasilda ulijaa watu hadi barabarani pale kwake Mkolani, na mimi kwa umri wangu nikapewa godoro zuri karibu na dirisha la uani. Ni heshima, sikatai, lakini mtu akikupa godoro msibani amekwambia ukae hapo na usiondoke. Nilikaa asubuhi nzima magoti yananiwasha. Nje ya dirisha wasichana walikuwa wanachambua mchele kwenye nyungo, na wasichana wa siku hizi hawajui kunong'ona.

“Yule bibi mwembamba, yule anayekaa kama anataka kuondoka, ndiye aliyemfuata mume wake Turkana kwa pikipiki.”

“Turkana ya Kenya?”

“Ehee! Kwa mapenzi. Mapenzi ya zamani, shoga yangu, siyo haya yetu ya kwenye simu.”

Nilibana midomo nisije nikacheka msibani nikaitwa mchawi. Mapenzi! Kasilda angekuwa hai angetoka nje akawaambia, “Nyie watoto, mapenzi gani? Huyu alitapika kutoka Magu mpaka Lamadi.” Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuisimulia safari ile, maana bila yeye isingekuwepo. Sasa alikuwa amelala ndani ya sanduku sebuleni kwake mwenyewe, na Mabula mume wake amekuwa mzee wa kuulizwa jambo mara tatu kabla hajajibu. Nimebaki mimi. Basi nitasema mwenyewe. Nilikwenda kaskazini kwa sababu moja: nilikuwa sijui niitwe mke au niitwe mjane, na watu waliokuwa na haraka ya kunijibia hawakuwa mimi.

Faustine, mume wangu, alikuwa anasafirisha samaki kutoka Nansio kuja Mwanza. Ndoa yetu ilikuwa bado changa, hata mtoto hatujapata. Asubuhi moja ya upepo boti ya samaki ilizama ikiwa imeshakiacha kisiwa mbali, na Nansio nzima ilijua Faustine yumo ndani, kwa sababu Nansio nzima ilimwona akipakia barafu. Hakuna aliyekumbuka kama alimwona akishuka. Wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. Tulikaa ufukweni siku baada ya siku, mama mkwe wangu akiyatazama maji kama mtu anayemngoja mtoto aliyetumwa dukani akachelewa. Katika ukoo wao, aliyeliwa na ziwa haachwi bila kaburi. Unakatwa mgomba, unavikwa sanda, unazikwa badala yake, ndipo watu waweze kula na kulala. Wanaume wakaleta shina la mgomba, wakalilaza mkekani, na mjomba mmoja akalitazama akatikisa kichwa. “Aka, huyu mfupi. Faustine alikuwa mrefu.” Wakarudi shambani kukata jingine. Mimi nilikuwa nimekaa chini, kichwa wamekinyoa, upepo unanipiga utosini, na nikasikia kicheko kinanipanda kutoka tumboni, nikakimeza kikageuka kilio. Katekista alisimama pembeni na kitabu chake hajui aombee nini. Mwishowe akawaombea marehemu wote kwa jumla, akaenda zake nyumbani kabla ya chakula.

Matanga yakaisha, nikabaki kwenye chumba chetu. Bado nakijua kile chumba kuliko vyumba vyote nilivyolala baadaye: bati lililokuwa likilia jua likitoka, mashati yake matatu kwenye msumari yananuka samaki na sabuni, na dirisha dogo linalotazama ziwa, ambalo nililifunga kwa gunia. Deus, mdogo wake Faustine, akaanza kuja kula kwangu. Hakuna aliyesema kitu. Alikuja tu, akakaa kwenye kigoda cha kaka yake, akala, akanawa, akashukuru. Deus alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya, lakini alikuwa anatafuna kwa sauti, na kila nikimsikia anatafuna niliona maisha yangu yote yamepangwa mbele yangu sahani baada ya sahani. Siku moja nikiwa natwanga nyuma ya nyumba nilimsikia baba mkwe akiwaambia wenzake, “Mpunga ukishaingia ndani, tumalize na lile jambo la mwanamke.” Nikaendelea kutwanga. Jambo la mwanamke lilikuwa mimi.

Mpunga ulikuwa bado shambani Kasilda alipofika. Alikuwa dada mkubwa wa Faustine, ameolewa na Mabula, Msukuma mwenzangu, fundi wa malori mwenye gereji Mirongo, mjini Mwanza. Alishuka kwenye meli ya Nansio mikono mitupu, mtu ambaye hajawahi kuja kwao bila mizigo, akatupita wote uani bila salamu, akaingia jikoni kwa mama yake. Mimi nilikuwa mlangoni napara sato.

“Mama, Faustine yuko hai.”

Mama mkwe aliendelea kuchochea moto.

“Kuna dereva wa malori marefu amekuja gereji kwa Mabula. Anatoka kaskazini ya Kenya, kule wanakopeleka chakula cha msaada. Anasema Lodwar kuna mtu wa Nansio anaitwa Faustine, mrefu, ana kovu la ndoano hapa shavuni, anapiga mluzi akifunga turubai. Mama, nani mwingine anapiga mluzi namna hiyo?”

“Mimi nimeshalia,” mama mkwe akasema. “Sitalia mara mbili. Kama yupo, mleteni. Kama hayupo, msiniletee maneno.”

Jioni ile tuliitwa mbele ya baba mkwe. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa afadhali. Alizungumza polepole kama mtu anayepima kitambaa. “Aliyezikwa amezikwa. Kama ni mzima, aje mwenyewe aung'oe ule mgomba kwa mkono wake. Kabla ya hapo hakanyagi ua huu, na hakuna wa kumpikia, mama yake kuliko wote. Mama akimlisha mtu mwenye kaburi, amejiitia kaburi lake.” Nikajikaza nikauliza, “Na mimi, baba?” Akanitazama kwa huruma kabisa. “Wewe ni mjane, mwanangu, mpaka tuone vingine. Mpunga ukiingia tutalimaliza.” Deus alikuwa anachimba sakafu kwa kidole cha mguu. Kasilda akasimama, akafunga kanga yake kiunoni vizuri kama anakwenda kupigana. “Mpunga bado miezi,” akasema. “Sisi tunakwenda kumleta.”

Mtu atauliza, tulikwenda na nini? Gereji kwa Mabula kulikuwa na lori ambalo wazungu wawili walilitelekeza injini ilipowafia wakiwa wanaizunguka Afrika. Walipanda ndege, wakamwambia lichukue. Nyuma lilikuwa na nyumba ya mbao: vitanda viwili vya juu na chini, sinki lisilotoa maji, jiko la gesi, meza inayokunjwa, na mapazia ya maua. Watoto wa Mirongo waliliita Konokono. Mabula alilifufua kwa vipuri vya malori manne tofauti, na alikuwa analipenda kuliko alivyokubali. Mimi nilipandishwa nyuma kwenye nyumba, nikalala kitanda cha chini, na kabla hatujafika Magu nikawa natapika kwenye lile sinki. Ile nyumba ilikuwa inayumba kama mtu aliyelewa. Lamadi Kasilda akafungua mlango, akanitazama, akaziba pua. “Wifi, wewe hutafika. Utakufa humu ndani, tukuzike na mgomba mwingine.” Tulicheka mpaka Mabula akaja kuuliza kuna nini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu waninyoe.

Pikipiki ya Faustine ilikuwa imefungwa nyuma ya lori, nyekundu, tulikuwa tunampelekea mwenyewe. Faustine alinifundisha kuipanda kwenye mchanga wa Nansio miezi ya kwanza ya ndoa, kwa mzaha, mama yake akiwa kanisani. Nikasema, “Shemeji, ifungue hiyo. Nitakwenda mbele.” Mabula akakuna kichwa. “Shemeji, wewe uko kwenye msiba.” Kasilda akamjibu kwa niaba yangu, “Msiba wa nani? Aliyekufa yuko Lodwar anapiga mluzi.” Basi akaifungua. Nilivaa suruali ya Mabula nikaikaza kwa kamba, nikafunga kitambaa kichwani, nikawasha. Nisiwafiche, niliposikia upepo unapita chini ya kile kitambaa, juu ya kichwa changu chenye kipara, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yangu: natangulia, naangalia daraja kama lipo, nauliza njia, nasubiri chini ya kivuli mpaka Konokono litokee linatoa moshi.

Musoma tulisimama mchana ufukweni. Kasilda alipika dagaa kwa nyanya ndani ya ile nyumba, harufu ikatoka kwenye dirisha la wale wazungu, wavuvi wakaja kuchungulia wakidhani ni hoteli. Baada ya kula nilijilaza chini ya lori kwenye kivuli, na juu yangu, kupitia sakafu ya mbao, nikawasikia mtu na mume wake.

“Na asipotaka kurudi?” Mabula aliuliza.

“Kwa nini asitake? Ana mke, ana mama.”

“Kasilda, mtu aliyepotea hukosa nauli. Huyu anafanya kazi. Nauli anayo.”

Kasilda akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Usimwambie Kabula.” Mimi Kabula nilikuwa chini ya miguu yao natazama mafuta yanavyodondoka kwenye mchanga. Nilikuwa nimeshajua, nafikiri. Tangu jikoni nilikuwa nimeshajua. Lakini kitu ukikisikia kwa sauti ya mtu mwingine kinakukaa vibaya zaidi. Nikatoka chini ya lori, nikawasha pikipiki kabla hawajamaliza kuosha vyombo, na nikaendesha kwa hasira hadi karibu na Tarime.

Mpakani Sirari ofisa wa upande wa pili alilizunguka Konokono mara mbili, kisha akaja kwangu. “Mama, mnaenda wapi na hii nyumba?”

“Lodwar.”

“Kufanya nini Lodwar?”

“Kumfuata mume wangu.”

“Na mume wako ako wapi kwa sasa?”

“Amezikwa Nansio. Ila yuko Lodwar.”

Alinitazama kichwa hadi viatu. Akamwita mwenzake, “Hebu kuja usikie hii.” Nikarudia yote tangu barafu, na nilipofika kwenye ule mgomba mfupi wakashika matumbo. Lakini yule wa kwanza, alipomaliza kujifuta machozi, akasema, “Kwetu pia tunafanya hivyo. Tunazika tunda la mti fulani. Na mama, nikwambie ukweli, sijawahi kuona mmoja amerudi.” Akatupitisha. Maneno yake nilikwenda nayo hadi Kisumu, na Kisumu nilipoliona ziwa likanitokea tena mbele, lile lile letu, limefunikwa magugu ya kijani kama shamba, nikakasirika nalo kama mtu. Nilikuwa nimedhani nimeliacha nyuma.

Siku hizi wajukuu wa Kasilda wananionyesha kwenye simu ramani ya njia ile, wanasema bibi, mbona ni karibu tu. Kwenye simu kila kitu ni karibu. Kutoka Kitale tulipanda baridi, tukapita Kapenguria tukivaa kila nguo tuliyokuwa nayo, halafu barabara ikaanza kushuka, ikashuka, na joto likaja kutupokea. Chini kulikuwa na nchi sijawahi kuiona: miiba, mawe, mito isiyo na maji, na ng'ambo ya miiba tena miiba. Askari walitupanga kwenye msafara na malori mengine kwa sababu ya wezi wa mifugo, nikawa katikati ya magurudumu makubwa kuliko mimi, vumbi limenijaa hadi kwenye meno. Wanawake wenye shanga hadi kidevuni walisimama kando wakanitazama, mmoja akapiga kigelegele. Sijui alikuwa ananisifu au ananicheka. Mchanga ulinitupa mara kwa mara, nikainuka, nikapanda. Jioni tulikula ugali wa muhogo tuliotoka nao nyumbani, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya Konokono, na Kasilda akanisugua mabega kwa mafuta ya taa bila kuniuliza kitu. Yule mwanamke alikuwa ananijua. Alikuwa ameshaona kwamba ninaogopa kufika, na siyo kwa sababu ya Faustine tu. Nikifika, ilibidi nirudi.

Lodwar nilisikia mluzi kabla sijamwona mtu. Ilikuwa saa sita ya mchana, kwenye uwanja wa malori uliozungushiwa miiba, na miguu miwili mirefu ilikuwa imetokeza chini ya lori. Nikazima pikipiki. Mluzi ukakatika. Akatoka kifudifudi, akajifuta uso, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki.

“Kabula. Nani amekufundisha kupanda kwenye mchanga?”

“Wewe.”

“Aa,” akasema, kama mtu aliyekumbushwa.

Konokono likaingia nyuma yangu, Kasilda akaruka kabla halijasimama. “Shikamoo dada,” Faustine akasema. “Marahaba,” Kasilda akamjibu, kisha akamzaba kofi, wapakiaji wote wakageuka.

Tulikaa kwenye hoteli ya mabati, tukaagiza nyama ya mbuzi na chapati, na Faustine akaeleza. Asubuhi ile alishuka kutafuta kamba, boti ikamwacha. Akapanda mtumbwi wa mashine uliokuwa unakwenda Musoma, akidhani huko atapata gari la haraka la kwenda Mwanza. Musoma akakuta lori la kwenda Kenya linatafuta mtu wa kufunga mizigo. Alidhani ni safari ya siku chache. Habari za boti alizipata akiwa Kitale, na za kuzikwa kwake alipewa na dereva wa Bunda.

“Na hukurudi,” nikasema.

“Nisikufiche, Kabula. Nilipoambiwa nimezikwa nilitetemeka. Halafu nikalala usingizi ambao sijawahi kulala tangu utoto. Hakuna wa kusema Faustine lete, Faustine fanya, Faustine wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Mtu aliyekufa haulizwi kitu.”

Nilimchukia pale pale. Na nilimwelewa pale pale, hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilikuwa nimeendesha nchi nzima na upepo kichwani, najua anachosema. “Wewe umekufa ukastarehe,” nikamwambia. “Mimi umeniacha hai na Deus.”

“Deus?”

“Deus. Mpunga ukiingia.”

Akaacha kula. Akatazama chapati yake. “Deus anatafuna kwa sauti,” akasema.

“Najua anavyotafuna! Njoo ung'oe ule mgomba, halafu ukitaka rudi huku uendelee kulala.”

“Nikikanyaga pale sitatoka tena. Unamjua baba.”

“Basi niambie mimi ni nani, Faustine. Mke au mjane? Sema moja, mimi nitalibeba.”

Akaanza kuchana ile chapati vipande vidogo vidogo. Mabula alikuwa anajifanya anatafuta mfupa kwenye bakuli. Kasilda ndiye aliyejibu, akiwa amechoka kabisa, hata kofi hana tena. “Mimi sitampelekea mama maneno yako. Utamwambia kwa mdomo wako mwenyewe.” Faustine akashika kichwa. “Mwanza nitakuja,” akasema. “Ziwa sivuki.”

Kurudi alipokezana usukani na Mabula, mimi mbele kama kawaida. Tulipoiacha Kisumu alikuja nilipokuwa natia mafuta, akanyoosha mkono apewe pikipiki. Nikamwambia, “Ukitaka, kaa nyuma.” Akakaa nyuma. Akanishika kiuno kwa mikono ile mikubwa, na tukaenda hivyo hadi karibu na mpaka, jua linatuchoma upande mmoja. Mara mbili nilihisi amelaza paji la uso kwenye mgongo wangu. Nikiulizwa ndoa yangu na Faustine ilikuwaje, huwa naifikiria barabara ile. Tulipofika mpakani akashuka, akarudi kwenye lori, na wala hakuomba tena.

Mabula alituma neno Nansio kwa mabaharia: Mama Kasilda aje gereji, aje peke yake. Mama mkwe alikuja na meli ya asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani, na kikapu mkononi. Faustine alikuwa amekaa kwenye tairi. Alisimama. Mama yake alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayepimwa nguo, juu hadi chini, hakumgusa. Kisha akasema, “Nipeni jiko.” Kasilda akaleta jiko la mkaa akiwa haelewi, na mama mkwe akaanza kutoa vitu kwenye kikapu: unga wa muhogo, sato mkavu, nyanya, chumvi kwenye karatasi, hata mwiko wake alikuja nao. Ndipo Kasilda akaelewa. “Mama, baba alisema—”

“Nilimsikia. Nilikuwepo.”

Alipika pale pale katikati ya gia boksi na makopo ya grisi. Mafundi wakaacha kugonga mmoja mmoja. Faustine akasema, “Mama, mimi sirudi nyumbani,” mama akaendelea kusonga ugali, mwiko unagonga sufuria. Alipoweka chakula, alichukua tonge la kwanza mwenyewe, akalichovya, akamtilia mdomoni kama mtoto mchanga. Faustine akalitafuna macho yamefumba. Mengine alikula mwenyewe, mama yake akilitazama kila moja mpaka limeingia. Alikula yote.

“Umeshiba?”

“Mama, nimesema sirudi.”

“Nimekuuliza kama umeshiba.”

“Nimeshiba, mama.”

Akasimama, akapangusa mikono kwenye kitenge cha kanisani. “Mmeona wote,” akasema, na mafundi wakaitikia kwa vichwa kama wako misani. “Nimemlisha mwanangu kwa mkono wangu, na amekula. Kaburi nitalifukua mimi. Mzee akipenda anizike humo humo. Kabula siyo mjane wa mtu, Deus atafutiwe mwingine.” Akamgeukia Faustine, na hapo sauti yake ikaanza kukwaruza. “Na wewe uende huko unakokwenda. Ila usife tena bila kuniambia.” Yeye hakulia. Faustine ndiye aliyelia, mtu mrefu vile, amejikunja kwenye tairi, na mimi nikamwacha alie, nikatoka nje kupumua.

Nitasema kabisa, maana wale wasichana watauliza: alifukua kweli, kwa jembe, mchana, na baba mkwe akanuna mpaka mvua za vuli, halafu akaacha. Faustine alirudi kaskazini na lori la kwanza lililopita. Lakini siku ile, alipokuwa amemaliza kuosha sufuria yake, mama mkwe alitoka nje akanikuta nimesimama na pikipiki. Akasema nimpeleke melini. Kasilda akapiga kelele, “Yesu na Maria! Mama, utaanguka!” Mama mkwe akamwambia anyamaze, akakaa nyuma upande upande, kikapu mapajani, akashika kamba ya suruali yangu.

Nilikwenda polepole. Karibu na soko akaniuliza sikioni, “Sasa utakwenda wapi?”

“Sijui, mama.”

“Mimi maisha yangu yote nimejua ninakokwenda,” akasema. “Kisimani, shambani, kanisani.”

Tukafika bandarini. Meli ilikuwa inapiga honi, watu wanakimbia na magunia na kuku, mabaharia wameanza kufungua kamba. Nikapunguza mwendo, nikatafuta mahali pa kusimama. Mama mkwe akanipiga mgongoni kwa kiganja.

“Usisimame.”

“Mama, meli ndiyo inaondoka.”

“Nimeiona,” akasema. “Pita.”

Nikapita.